Anza na Ishirini na Mbili: Kuchagua Bastola ya Kwanza ya Kulengea Shabaha

Mtu akiingia katika duka la silaha hapa Ohio na kusema kwamba anatafuta bastola yake ya kwanza, jambo la kwanza analoulizwa na muuzaji ni kama anataka ya kutembea nayo au ya kuweka nyumbani, na swali hilo peke yake linatosha kumpotosha mteja aliyekuja kwa ajili ya mchezo. Bastola ya kutembea nayo hutengenezwa iwe ndogo, nyembamba na nyepesi ili ijifiche chini ya shati, na aliyeibuni hakuwa na mawazo ya mtu atakayeipiga risasi mia mbili kila Jumamosi. Bastola ya kulengea shabaha inataka karibu kila kitu kilicho kinyume cha hayo: uzito wa kutosha, mtutu mrefu, vilengeo vikubwa vinavyoweza kurekebishwa, mpini unaojaza kiganja, na triga inayoachia mara moja bila kukokota. Duka linaweza kuwa na ukuta mzima wa bastola na zisipatikane hata tano zinazotimiza masharti hayo.

Kwa kuwa mimi ni mmoja wa Waswahili wachache katika klabu yetu, jamaa wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo wanaoishi katika jimbo hili wamezoea kunipigia simu kabla ya kununua, na wengi hupiga wakiwa tayari wameshaonyeshwa kitu dukani. Jibu langu halijabadilika kwa muda mrefu. Bastola ya kwanza ya mlenga shabaha iwe ya kaliba (upana wa tundu la mtutu) ya .22, ile ambayo kila mtu uwanjani huitaja kwa namba tu, ishirini na mbili. Iwe nzito, iwe na mtutu wa inchi tano na nusu hivi au zaidi, na iwe imeshajaribiwa mkononi mwa mnunuzi mwenyewe. Mengine yote ni maelezo ya sababu.

Ni vizuri kwanza kuujua mchezo wenyewe. Mashindano ya jadi ya bastola hapa Marekani, yale yanayoitwa bullseye, hupigwa kwa mkono mmoja. Mchezaji husimama, mkono wa pili ukiwa mfukoni au kwenye mkanda, na hupiga risasi 10 katika dakika 10 kwa umbali wa yadi 50, yaani karibu mita 46. Kisha husogea hadi yadi 25 na kupiga tano kwa sekunde 20, na baadaye tano kwa sekunde 10. Hatua hizo hurudiwa hadi mzunguko kamili ufikie alama 900, na wakongwe huurudia mara tatu, kwa .22, kwa kaliba kubwa ya fataki ya katikati (ambayo pini hugonga katikati ya kitako cha ganda) na kwa .45, hadi kufikia 2700. Anayeanza si lazima aguse hizo nyingine mbili, anaweza kucheza .22 peke yake kwa miaka na asikose mashindano ya kwenda. Majira ya baridi klabu nyingi huhamia ndani, na umbali hupunguzwa hadi futi 50, na hapo ndipo wageni wengi huanzia. Sisi wa Ohio tuna bahati ya ziada, kwa kuwa Camp Perry, karibu na mji wa Port Clinton kwenye ufuo wa Ziwa Erie, imekuwa mwenyeji wa mashindano ya kitaifa tangu mwaka 1907, na mtu anaweza kuendesha gari asubuhi, akatazama mabingwa wakipiga, na akarudi nyumbani kabla ya usiku.

Katika mfumo wa kimataifa, ule wa Olimpiki, bastola ya mita 25 ya wanawake pia ni ya .22: risasi 30 za utulivu na 30 za haraka katika hatua ya mchujo. Wengi waliutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza mwaka 2024, pale Paris, kwa sababu ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, aliyesimama na fulana ya kawaida na mkono mfukoni akapata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan katika bastola ya upepo ya mita 10. Watu waliuona mkono ule mfukoni kama majivuno. Kwa kweli ni ufundi wa kawaida kabisa, kwani mkono usio na kazi ukiachwa ukining'inia huyumbisha bega, na bega likiyumba mtutu nao huyumba. Ukitaka kisa cha kuonyesha kwamba mchezo huu haujali misuli, msome Károly Takács wa Hungaria, askari ambaye guruneti liliharibu mkono wake wa kulia mwaka 1938, akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, na akachukua dhahabu ya bastola ya haraka ya mita 25 London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952.

Sasa, kwa nini .22? Risasi ya .22 Long Rifle ilitoka mwaka 1887, na muundo wake ni wa zamani hata kuliko umri huo: kemikali ya kuwashia baruti haikuwekwa katika fataki ya katikati, bali imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini ya bastola hugonga ukingo huo. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Kichwa cha risasi ya 9mm ya kawaida kina gramu 7.5 au 8. Ukiingiza uzito wa vichwa hivyo, mwendo wao na uzito wa bastola zenyewe katika hesabu ya fizikia ya sekondari, utaona kwamba nishati inayorudi katika mkono wa mpigaji wa bastola ya kawaida ya 9mm ni zaidi ya mara kumi ya ile inayorudi katika mkono wa anayepiga .22 yenye uzito wa kilo moja na kitu. Bei nayo inasema. Bei za risasi hupanda na kushuka, na aliyekuwa hapa mwaka 2020 na 2021 anakumbuka rafu zilivyokuwa tupu, lakini kwa kawaida bei ya risasi moja ya 9mm hununua tatu za .22 za mazoezi. Mwenye bajeti ya mwezi isiyobadilika atafanya mazoezi mara tatu zaidi, na mazoezi ndiyo yanayoleta alama.

Hata hivyo, fedha siyo sababu kuu. Sababu kuu ni kushtuka. Mwili wa binadamu hujifunza upesi kwamba triga ikivutwa kunatokea mlipuko na pigo, na baada ya risasi chache tu huanza kujihami mapema: kope hufumba, kifundo cha mkono hukaza na kusukuma mbele, na mtutu huzama sehemu ya sekunde kabla risasi haijatoka. Mpigaji mwenyewe hajui, kwa sababu mlio na mrusho hufunika kila kitu.

Niliwahi kusimama pembeni ya dada mmoja mzaliwa wa Bukavu aliyekuja uwanjani na bastola ya 9mm ya mume wake. Karatasi yake ilikuwa na matundu yote chini ya duara jeusi, upande wa kushoto. "Kaka, hii bastola inapiga chini," akaniambia, "nimemwambia bwana akairekebishe." Nilimwomba ruhusa nimjazie magazini mimi, na katikati ya risasi halisi nikachanganya risasi bandia za plastiki bila kumwonyesha zimekaa wapi. Risasi ya kwanza ililia. Ya pili ilikuwa bandia: pini iligonga, hakuna kilicholia, na mbele ya macho yetu wote wawili mtutu ukazama chini kiasi cha upana wa vidole viwili, kana kwamba kuna mtu aliyeuvuta kwa kamba. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ni mimi." Tukamwekea .22 ya klabu mezani, umbali uleule. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mtawanyiko kama ile ya awali, kwa sababu mkono bado ulikuwa unasubiri kupigwa. Kufikia karatasi ya tatu mkono ulikuwa umegundua kwamba hakuna pigo linalokuja, na matundu yakaanza kukusanyika katikati. Bastola ya mume wake haikuwa na kasoro yoyote, ila ilikuwa mwalimu mbaya.

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa maana jambo linalofuata huwafungua macho hata watu waliopiga miaka mingi. Mkono wa mtu yeyote hutikisika. Anayeanza huona kilengeo cha mbele kikielea juu ya karatasi na hudhani kwamba kuelea huko ndiko kunakomwangusha, hivyo husubiri sekunde ambayo kilengeo kimetulia katikati kisha hunyakua triga kwa pupa. Chukua hesabu ndogo. Bastola nzima ikisogea milimita 1 kando bila kupinda, risasi hutua milimita 1 kando. Lakini kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 tu ndani ya uwazi wa kilengeo cha nyuma, yaani bastola ikiwa imepinda, hali ni nyingine kabisa. Tuseme umbali kati ya vilengeo viwili ni milimita 235, kama ulivyo takriban katika bastola ya .22 ya mtutu wa inchi tano na nusu: kwa yadi 25, ambazo ni milimita 22,860, milimita ile moja inakuwa karibu milimita 97 kwenye karatasi. Duara la kumi la karatasi ya bullseye ya yadi 25 lina kipenyo cha inchi 3.36, sawa na milimita 85. Milimita moja imekutoa kwenye kumi na kukutupa kwenye nane. Chukua sasa bastola ya mfukoni yenye milimita 150 kati ya vilengeo: kosa lilelile linakupeleka sentimita 15 kutoka katikati. Kwa hiyo mtutu mrefu haufanyi risasi iwe na akili zaidi. Unapunguza tu adhabu ya kosa la jicho, na unalifanya kosa hilo lionekane kabla hujafyatua. Na kwa sababu kunyakua triga ndiko kunakopinda bastola, triga nzuri ina thamani kuliko mkono mtulivu.

Tukija kwenye mkono wenyewe, vipimo vya dukani havisaidii sana. Kinachosaidia ni kushika. Hakikisha kwanza, wewe na muuzaji pamoja, kwamba bastola haina risasi, kisha ielekeze upande salama alioruhusu muuzaji. Fumba macho, inua mkono kama utakavyoinua uwanjani, fumbua. Ikiwa kilengeo cha mbele kiko juu sana au chini sana ya uwazi wa kilengeo cha nyuma, pembe ya mpini haikubaliani na kifundo chako. Kisha angalia kidole cha shahada: sehemu laini ya pingili ya kwanza inapaswa kukaa juu ya triga bila kiganja kizima kulazimika kuzunguka mpini. Mwenye vidole vifupi akilazimisha mpini mnene atakuwa anasukuma bastola kando kila anapovuta. Anayetumia mkono wa kushoto aangalie kufuli ya usalama iko upande gani na kitufe cha kutolea magazini kiko wapi. Na kila mtu ajue jicho lake lenye nguvu ni lipi kabla hajalipa. Kuna watu wa mkono wa kulia wenye jicho la kushoto, na kwao bastola haina tatizo kubwa kama bunduki ndefu, mradi wajue.

Bastola zinazotajwa mara nyingi kwa anayeanza ni tatu. Ya kwanza ni Ruger, ambayo kampuni hiyo ya Connecticut ilianzishwa nayo mwaka 1949, William Ruger akiwa amevutiwa na muundo wa bastola ya Kijapani ya Nambu na Alexander Sturm akitoa mtaji. Zilifuata Mark II, Mark III na, mwaka 2016, Mark IV. Sifa ya zile za zamani ilikuwa kupiga vizuri kwa miongo na kumtoa mwenyewe jasho siku ya kuzisafisha, kwa maana kuzifungua ni rahisi kiasi na kuzirudishia ni kazi ya kumwita jirani. Mark IV ilimaliza tatizo hilo kwa kitufe kimoja kilichoko nyuma: bonyeza, mtutu unainuka na kutoka. Kuna jambo moja ambalo anayenunua iliyotumika lazima alijue. Mwaka 2017 kampuni iliziita Mark IV za mwanzo zirudishwe kurekebishwa, kwa sababu triga ikivutwa wakati kufuli ya usalama iko nusu njia, bastola ingeweza kufyatuka baadaye, kufuli inapoondolewa. Namba ya bastola huangaliwa katika tovuti ya kampuni kabla ya kutoa fedha.

Ya pili ni Browning Buck Mark, iliyoingia sokoni mwaka 1985, ambayo kwa maoni yangu hutoka kiwandani na triga nzuri kuliko Ruger, ingawa kuifungua kunahitaji bisibisi ndogo ya pembe sita na uvumilivu. Ya tatu ni Smith & Wesson SW22 Victory, ya mwaka 2016, inayofunguka kwa skrubu moja na ambayo mtutu wake unaweza kubadilishwa na mwenyewe mezani. Zote tatu huchukua risasi 10, na aina zake za kulengea zina uzito wa takriban kilo moja, nyingine zaidi. Ruger yenye mtutu mnene wa chuma kisichoshika kutu hufika kilo moja na robo, na wapo wanaoiona nzito siku ya kwanza. Mimi huwaambia wasiikimbie, kwa sababu mkono huzoea uzito baada ya wiki chache, na bastola nzito hutikisika polepole. Ile aina yake ya alumini yenye gramu 700 ni tamu kubeba porini na ni ngumu kupigia shabaha kwa mkono mmoja.

Juu ya hizo iko Smith & Wesson Model 41, inayotengenezwa tangu mwaka 1957, na bastola za Ulaya kama Walther na Pardini, ambazo mipini yake ya mbao huchongwa kufuata kiganja. Ni vyombo vizuri mno, na sioni haja ya mtu kuvinunua kabla hajajua kama ataupenda mchezo. Bei ya Model 41 moja hununua Buck Mark, risasi za mwaka mzima, na ada ya klabu.

Rivolva ya .22 isidharauliwe. Smith & Wesson 617 ya mtutu wa inchi sita huchukua risasi 10, ina uzito wa kutosha, haihitaji magazini, na haichagui risasi kama zifanyavyo zinazojipakia zenyewe. Nyundo ikivutwa kwa dole gumba, triga yake ni nyepesi na safi kuliko nyingi nilizotaja. Shida yake ni zile sekunde 10 za risasi tano: kwa mkono mmoja, kuvuta nyundo kila mara kunataka ujuzi ambao anayeanza hana. Kwa yule asiye na nia ya mashindano, anayetaka saa mbili za utulivu Jumapili alasiri, ningeipendekeza bila kusita.

Kuhusu triga, kanuni za bullseye zinataka triga ya .22 ibebe uzito usiopungua pauni 2, yaani karibu gramu 900, na za kimataifa kwa mita 25 zinataka gramu 1,000. Ruger mpya hutoka kiwandani ikiwa nzito mara mbili ya hapo au zaidi. Usiibadilishe mwezi wa kwanza. Triga nzito lakini isiyokokota hufundisha subira ya kidole, na vipuri vya kuipunguza vipo tele wakati ukifika. Kitu ambacho hakivumiliki ni triga inayokwaruza na kusimama katikati ya safari, kwa sababu kidole hakijui ni lini itaachia. Kuhusu lenzi zenye nukta nyekundu, karibu wote wanaoshinda wanazitumia, na mwenye macho yaliyopita miaka arobaini na mitano, ambaye kilengeo cha mbele kimeanza kuwa ukungu, azinunue tangu siku ya kwanza bila aibu. Kijana aanze na vilengeo vya chuma. Nukta nyekundu huonyesha mtikisiko wote na kumtia anayeanza wasiwasi uleule wa kunyakua triga.

Jambo la sheria siliwezi kulipita, hasa kwa ndugu zangu wageni. Kwa sheria ya shirikisho, duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21, na kila mnunuzi hujaza Fomu 4473, ile ya shirikisho ya ununuzi wa silaha, kisha rekodi zake huchunguzwa katika mfumo wa shirikisho ulioanza mwaka 1998. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua. Aliye hapa kwa viza ya muda, ikiwemo ya masomo, kwa kawaida hawezi kumiliki silaha wala risasi isipokuwa chini ya misamaha michache, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji, na kukodi bastola uwanjani nako kunahesabiwa kuwa ni kuishika. Hadhi nyingine za uhamiaji zina matawi mengi. Muulize wakili kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye kadi ya kijani. Fomu hiyo pia huuliza juu ya bangi, na inaeleza wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho, jambo ambalo vijana wa Ohio wamelisahau tangu wapiga kura walipoihalalisha mwaka 2023. Majimbo nayo hutofautiana: Illinois inataka kadi maalumu ya mmiliki, New Jersey inataka kibali kwa kila bastola, na Ohio haitaki kibali cha kununua.

Kwa mwanafunzi, na kwa yeyote anayeishi katika nyumba ya kupanga, ningesema bastola ya upepo ya mita 10 si mbadala wa kujifariji bali ni njia kamili. Kwa sheria ya shirikisho haihesabiwi kuwa silaha ya moto, ingawa New Jersey, kwa mfano, huihesabu hivyo. Kirisasi chake, kinachoitwa pelleti, kina kipenyo cha milimita 4.5, duara la kumi lina upana wa milimita 11.5, na triga inaweza kuwa nyepesi hadi gramu 500. Chumba cha chini chenye urefu wa mita kumi na kinga imara ya nyuma kinatosha. Wapo mabingwa wa bullseye ambao hupitisha majira yote ya baridi na bastola ya upepo, kwa sababu risasi yake ni ya polepole na hukaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi, na hivyo humwadhibu kila anayelegeza mkono mapema.

Nyumbani, bastola ikae kwenye kasha la chuma lililofungwa, risasi mahali pengine. Kwa sheria ya mwaka 2005 duka hulazimika kumpa mnunuzi wa bastola kufuli au kifaa cha kuihifadhia, lakini waya ule wa bure hautoshi katika nyumba zetu, ambamo watoto wa shangazi, wa jirani na wa kanisani au madrasa huingia na kutoka bila hodi. Nunua kasha kabla ya bastola. Ukirudi uwanjani, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula, na nguo zifuliwe mbali na za watoto, maana kemikali ya kuwashia ya .22 na kichwa chake vina risasi ile ya madini, na vumbi lake hujikusanya mwilini.

Mazoezi ya bila risasi nyumbani ndiyo yanayojenga kidole, lakini bastola za .22 zina tabia yao: kwa kuwa pini hugonga ukingo, katika bastola nyingi za zamani kufyatua tupu huifanya pini igonge chuma cha mdomo wa chemba na kukichimba. Mark IV imeruhusiwa na kitabu chake kufyatuliwa tupu; kwa nyingine soma kitabu kwanza. Wachezaji wengi hutia ndani ya chemba vile viplagi vya plastiki vya njano vya kupachikia skrubu ukutani, vinavyouzwa mia kwa dola chache, na hukitupa kila kimoja kikishagongwa mara kadhaa.

Kinachobaki ni kuichagulia bastola chakula chake. Mitutu ya .22 ina upendeleo usioeleweka, kiasi kwamba bastola mbili za namba zinazofuatana zinaweza kupendelea risasi tofauti. Nunua boksi moja moja la risasi 50 za aina tano au sita za mwendo wa kawaida, siyo zile za kasi kubwa, na ulize klabuni ni zipi zinazofanya kazi bila kukwama katika bastola kama yako. Weka kifundo juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi kumi za kila aina katika duara lake kwa yadi 25, na kila unapobadilisha aina piga kwanza tano au kumi za aina mpya pembeni ili mtutu uzoee mafuta yake, kwani nta iliyoachwa na aina iliyotangulia huharibu kipimo. Andika kila karatasi jina la risasi na namba ya toleo iliyogongwa kwenye boksi. Aina moja itajitenga na nyingine waziwazi, na mara nyingi siyo ya bei ya juu. Rudi dukani haraka na ununue kasha la risasi 500 au zaidi za toleo hilohilo, maana toleo linalofuata, hata likiwa la kampuni ileile na jina lilelile, huenda lisikae mahali palepale kwenye karatasi.